Upinde Usio na Magurudumu

Nilikuwa mpiga mshale hodari hadi siku niliyosahau kifyatuo nyumbani Kawempe, Kampala.

Wakati huo nilitumia upinde wa kompaundi: magurudumu mawili, kamba za kutosha kuanikia nguo za familia nzima, na hicho kifyatuo, kidude cha kuvaa kwenye kifundo cha mkono ili kuuvuta na kuuachia ugwe. Bila hicho, nilikuwa nimesafiri saa tano hadi ranchi moja ya magharibi, kibali cha kuwinda kikiwa mfukoni, kwenda kumtazama swala. Nilimtazama. Naye akanitazama, akakojoa, akaenda zake. Kiongozi wetu wa porini aliniuliza kwa upole kama kwetu Kenya tunawinda kwa macho. Nilitaka kumwambia kwamba kwetu uwindaji umepigwa marufuku, ndiyo maana nimekuja kuwasumbua swala wa Uganda, lakini nikaona nitazidi kujiaibisha.

Niliporudi Kampala niliamua kununua rikavu, upinde wa mbao wenye ncha zilizopinda kwenda mbele, unaovutwa kwa vidole na kwa majaliwa ya Mungu. Nilimwendea mtu wa Kamwokya anayeuza vifaa vya michezo vya mitumba. Ana kila kitu, hata jozi ya mbao za kutelezea kwenye theluji. Nilimwambia nataka wa kuvutwa kwa ratili hamsini na tano, sawa na kompaundi yangu. Akanipa wa thelathini na tano. Nikamwambia sikuja kutafuta zawadi ya mtoto.

Alinieleza kwamba magurudumu ndiyo yaliyokuwa yakinibebea mzigo: ukishavuta hadi mwisho, unabaki umeshika kama ratili kumi na kitu tu. Rikavu haina huruma hiyo, kadiri unavyovuta ndivyo inavyozidi kuwa nzito. Nilimsikiliza kama ninavyomsikiliza mchungaji akihubiri juu ya ulafi, nikauchukua wa hamsini na tano. Nilivuta, ugwe ukafika nusu ya njia, nikatoa ushuzi. Muuzaji akaongeza sauti ya redio. Baada ya hapo kuurudisha kungekuwa kukiri, kwa hiyo nikaununua.

Baba mkwe wangu, sajenti mstaafu kutoka kaskazini, tunaishi naye. Utotoni aliwinda kanga kwa upinde aliochonga mwenyewe. Kwa siku tatu alinitazama nyuma ya nyumba nikipigana na gunia lililojaa matambara. Siku ya tatu aliweka kikombe chake chini.

"Vuta, alafu sema jina yako," aliniambia kwa Kiswahili chake cha kambini.

Nilivuta. Ikatoka sauti ya mbuzi.

"Hii upinde si yako, mama. Ni ya mtu mwingine, yeye bado hajafika."

Kesho yake tulirudi wote wawili Kamwokya. Mzee alinivutisha upinde mmoja baada ya mwingine, na kila nilipoushikilia akaniuliza maswali: nilizaliwa wapi, tuko wangapi kwetu, leo napika nini. Kwa ule wa arobaini na tano niliishia kwenye idadi ya ndugu. Kwa wa arobaini nilifika kwenye chakula, hata tukabishana kidogo juu ya maharagwe. Kulikuwa na mfupi, mzuri wa kubeba vichakani, lakini ugwe wake ulinibana vidole. Tukachukua mrefu wa arobaini, unaonifika kidevuni. Muuzaji alisema utamtosha swala, mradi mshale uwe mzito, chembe chake, ile ncha ya chuma, kiwe kikali, nami niwe karibu.

"Karibu ni hatua kumi na tano," mzee akasema. "Zaidi ya hapo unatupa kuni."

Kwenye klabu yetu ya upinde, walikokuwa wakinipigia makofi, sasa nililikosa gunia la shabaha nikiwa hatua kumi tu. Mshale mmoja uliingia kwenye kiti cha katibu, yeye akiwa ameinuka kwenda msalani. Ilichukua miezi mitano vidole kuota sugu na kiburi kupungua.

Kabla sijarudi ranchi, mzee, ambaye ni Mwislamu, alinitaka niseme bismillahi ninapoachia mshale, la sivyo hatakula. Nikamkumbusha kwamba mimi ni Mwanglikana. Akasema Mungu hatauliza kadi ya kanisa.

Swala wawili niliwaacha kwa hatua thelathini, roho ikiniuma. Wa tatu nilimwendea kwa tumbo, juu ya miiba na mavi ya ng'ombe, hadi zikabaki kama kumi na nne. Nikasema bismillahi, nikaongeza na jina la Yesu kwa usalama wangu, nikaachia. Hakukimbia mbali. Nikalia kidogo, na yule kiongozi akajifanya ananoa kisu.

Jumapili mama mkwe, ambaye yeye ni Mkatoliki, alirudi kutoka misa ya Lubaga, akaipika nyama kwa karanga. Mzee alitafuna kwa muda mrefu. Akasema huyo swala alikuwa mkubwa wake kwa umri, kisha akasukuma sahani aongezewe.