Mwanzi Wenye Uzi Mwekundu

Watu wa Dimani walimhesabia Semeni miezi zaidi kuliko alivyojihesabia mwenyewe. Mumewe, Mshamu, alikwenda vitani na wenzake, kila mmoja na kijimwanzi cha dawa shingoni, yale maji ya kuigeuza risasi ya Mdachi isidhuru. Mwiko wake mkubwa ulikuwa mmoja: aliyekwisha kuyapokea asimguse mkewe. Sasa vita vina miezi sita, na tumbo la Semeni lina miezi sita. Kisimani wanawake walinyamaza akifika. Hao hao aliokuwa akiwasukia mikeka!

Na ubaya wenyewe, walikuwa hawajakosea. Alfajiri ya safari, mwanzi ukiwa tayari shingoni, Mshamu alimrudia mkewe chumbani, na Semeni hakumfukuza. Tangu hapo kila akisujudu alijiuliza kama amemuua mumewe, ingawa habari ya kifo ilikuwa haijafika.

Aliyeileta ni Mfaume, mdogo wake Mshamu. Alifika adhuhuri, kakonda, Semeni yuko uani anamenya ming'oko, viazi vya porini, maana njaa ilikuwa imeshaingia. Akasema kaka amefariki, kapigwa risasi ya kifua, kazikwa huko huko. Semeni hakulia. Macho yalimganda kwenye shingo ya shemeji yake. Mwanzi ulioning'inia pale ulikuwa na uzi mwekundu, na uzi ule aliufunga yeye kwa mkono wake.

Huyu kamvua mwenzake kinga, akamwacha afe! Na kesho atasema anamrithi mjane, wazee wamwitikie. Akakikaza kisu mkononi.

"Shemeji, huo mwanzi ni wa nani?"

Mfaume akakaa chini vumbini. Akaeleza kwamba wake ulichukuliwa na mto walipovuka, na asubuhi ya mapigano alitetemeka hata mkuki ukamtoka. Mshamu akavua wake akamvisha, akamwambia twende, usiogope. Alipoanguka, shingo yake ilikuwa tupu.

"Kafa kwa sababu yangu," akasema. "Hata ukinichoma hicho kisu, shemeji, una haki."

Semeni angeweza kumwacha aondoke na mzigo ule, aibu yake ikabaki imefichika. Nani angejua? Lakini alimwona mtu mzima analia, na kilio kile alikijua, ndicho alichokuwa akikimeza yeye siku zote hizo. Akakiweka kisu kwenye ungo.

"Dawa hiyo ilikuwa imeshaharibika," akasema, mkono tumboni. "Tuliiharibu mimi na kaka yako, na yeye alijua."

Mfaume akaushika mwanzi, akautazama sana.

"Basi mimi nimeponaje?"

"Ni Mungu. Kaka yako alikuona unaogopa, akakupa alichokuwa nacho."

Hapo ndipo Semeni alipolia, akalia mpaka shingo ikamvimba, na kwa mara ya kwanza hakuwa akijililia mwenyewe. Jioni ile akavaa kaniki, akaingia eda.

Eda ya mja mzito huisha akijifungua. Alipojifungua mtoto wa kike, wanawake wa kisimani walijaa uani, wakaanza tena hesabu yao kwa sauti ya chini, lakini si ya chini kiasi hicho. Mfaume alikuwa ametoka kumwadhinia mtoto sikioni. Akauvua mwanzi, akaumwaga mbele yao, matone machache tu, ardhi ikayanywa.

"Huyu ni wa kaka yangu," akasema. "Mnasema maji yaliharibika kwa ajili yake. Ni kweli. Na hayo hayo ndiyo niliyovaa mimi, nami ni mzima."

Mwanamke mmoja akajitwisha mtungi, akaenda kumtekea mzazi maji ya kuoga.