Tundu Pana la Meza ya Meja

Sikwenda Kampala kutembea. Nilikwenda kumrudisha mume wangu, na ninyi mnaoniuliza hapa Nakuru kama mji ni mzuri mniwie radhi. Barasa ni fundi wa meza za biliadi. Klabu moja kule ilimwita kwa kazi ya wiki tatu, ikawa miezi mitano. Barua ya mwisho ilisema, "Meja wa jeshi anayeishika klabu hataki niondoke." Basi. Nilimfunga mtoto wetu Zipora mgongoni, miezi minane, nikapanda gari la moshi.

Tororo, asubuhi. Askari walipekua hadi nepi. Mmoja aliniuliza, "Wewe mama, naenda kufanya nini Kampala?" Nikamwambia namfuata baba wa mtoto. Akacheka. "Wanaume wote wamepotea, wewe wako ndiyo utaona?" Nilitamani kumtemea mate.

Kampala, jioni ya siku hiyo. Barasa alikuwa amekonda. Alipanga chumba Kalerwe, kwa mama mmoja muuza matoke aitwaye Nakato. Nakato alinipokea mizigo, akapiga magoti kunisalimia, akasema, "Nyabo, mama, mchukue huyu bwana. Hata kula hakuli."

Nikamwambia Barasa, "Kesho tunaondoka."

"Jumamosi kuna mchezo, Mama Zipora. Mchezo ukiisha, Meja ameahidi ataniachia."

Nilikasirika sana. Ndipo akanieleza. Meza ile iliachwa na Wahindi waliofukuzwa. Matundu yake yalikuwa membamba: mpira ukigusa kona kidogo tu, unakataa kuingia. Hapo, alisema, ndipo unapomjua mchezaji, na watazamaji huzuia pumzi kila fimbo inapoinuka. Lakini Meja alikuwa akikosa mbele ya wageni wake. Akaamuru matundu yapanuliwe. Barasa akakata raba za kingo, akaranda mbao za kona, mpaka mipira miwili ikawa inapita sambamba.

"Watu wanafurahi?" nikauliza.

"Wanapiga miayo. Siku hizi wamepewa amri: mpira ukiingia, piga makofi."

Jumamosi, saa tisa alasiri. Klabu ilijaa makarani, wafanyabiashara na wanajeshi. Nilikaa karibu na mlango, hatua mbili kutoka kona ya meza, mtoto mapajani. Mpinzani wa Meja alikuwa Rajabu, Mnubi wa Kisenyi, mtu aliyekula kwa fimbo yake tangu ujana, akicheza hadi Nairobi. Kila mtu alijua amekuja kushindwa. Hata yeye.

Kabla ya kuanza, Rajabu alipitisha kidole kwenye tundu la kona. Akamgeukia mume wangu, akanong'ona, "Fundi, umenimaliza. Hapa mtu atakosaje?"

"Piga mbali na tundu kidogo."

"Nipige mbali mimi, Rajabu? Wiki iliyopita karani alipiga mbali, akazabwa vibao. Aliambiwa anamdharau mkubwa. Lazima nikose kwa karibu. Na hapa hakuna karibu!"

Miezi yote ile Barasa alikuwa akiwaza mkono mbovu wa Meja. Hakuwaza hata siku moja mkono mzuri unaotaka kukosa.

Mchezo ukaanza. Meja akiingiza, makofi. Rajabu akiulenga ukingo wa tundu, mpira unajikwaa, unajigonga, unatumbukia. Makofi. Kwenye meza ya zamani ungerudi, na ukumbi mzima ungepiga kelele. Hapa ulimezwa tu. Jasho likawa linamchuruzika Rajabu hadi kwenye kitambaa cha kijani. Mimi sijawahi kuona mtu akihangaika hivyo ili apoteze.

Ukabaki mpira mweusi, wa mwisho: atakayeuingiza ndiye mshindi. Meja aliupiga kwa nguvu za ulevi, ukagonga ukingo na kurudi katikati. Zamu ya Rajabu. Aliinama muda mrefu. Aliupiga kombo, kombo kabisa kwa mtu kama yeye. Mpira uligonga shavu la kushoto la tundu, ukagonga la kulia, ukaingia.

Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Mikono ilikuwa imezoea. Nami nilipiga. Nasema ukweli: nilipiga makofi kama mjinga, kisha nikasikia yanakatika moja moja.

Meja aliweka fimbo mezani polepole. "Nani alikata hii tundu?"

Barasa akasogea. "Mimi, afande. Kwa amri yako."

"Wewe Mkenya, ulikatia huyu Mnubi."

"Hapana, afande, tundu ni moja kwa wote wawili..."

Hawakumwacha amalize. Yeye na Rajabu walitolewa kwa mlango wa nyuma na kutiwa ndani ya gari. Nilikimbia na Zipora hadi barabarani, nikakuta vumbi.

Jumatatu nilikwenda polisi. Jumanne nilikwenda kambini. Askari wa getini hakuwa mkali, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Mama, hapa hakuna fundi. Hapakuwahi kuwa na fundi. Peleka mtoto nyumbani."

Kalerwe, Jumatano. Nakato alinifungia mihogo ya njiani. "Ukiuliza mara ya tatu, nyabo, watakuuliza wewe." Kwa hiyo niliondoka. Andikeni hivyo mkitaka: nilimwacha mume wangu nikaondoka.

Nilichojifunza ni kichungu na hakimsaidii mtu. Pale ambapo mshindi amekwisha kupangwa, fundi hana kipimo cha kumwokoa. Akibana tundu, mkubwa atakosa. Akilipanua, mdogo hawezi kukosa. Na sisi watazamaji tulifundishwa makofi mpaka tukasahau kutazama.

Juzi nilimpeleka Zipora kliniki. Nesi alikuwa akijaza kadi mpya, akauliza kama baba yupo hai. Alisubiri, kalamu mkononi. Nikamwambia apaache wazi.