Mwaka Baba Aliposema Tusije

Nakumbuka Oktoba moja, mwanangu, baba yangu alipotutumia neno kwamba sikukuu ile tusiende nyumbani.

Mama alikuwa amefariki mwezi wa Mei. Wewe hukumjua, lakini ungeonja mukimo wake, ule wa viazi na mahindi ya kupondwa, ungeelewa kwa nini kila mwaka, ile siku ya mapumziko ambayo leo mnaiita Mashujaa, jamaa wote walikuwa wanakusanyika kwetu Rongai. Mahindi yanakuwa yamekauka shambani. Tulikuwa tunafika asubuhi, wanaume wanakata mahindi, sisi wanawake tunapika, na jioni tunakula nje pamoja na majirani. Hiyo ndiyo iliyokuwa Krismasi yetu, kwa maana Krismasi yenyewe kila mtu alienda kwa wakwe.

Nilikuwa bado kijana, nimepanga chumba mjini, mtaa wa Kaptembwo, nashona sare za shule. Ndugu yangu Kamau alikuwa fundi wa mawe hapo mjini. Baba alimtuma dereva wa lori la mahindi amwambie Kamau kwamba mwaka huo kila mtu akae kwake, nyumbani hakuna sherehe. Kamau akaona ni sawa. Mzee anaomboleza, akasema, tumheshimu. Nami sikubisha. Kusema kweli niliogopa kuingia jikoni mwa Mama na kumkosa.

Basi wiki hiyo shangazi yangu Wangari, dada yake Baba, akashuka kutoka Dundori kuuza viazi sokoni na akalala kwangu. Tulikuwa tunamenya viazi vya jioni nilipomweleza. Akaweka kisu chini.

"Mtu akikwambia usije, usisikilize neno tu," akasema. "Sikiliza anaogopa nini. Ndugu yangu hajakataa watoto wake. Anaona haya mtafika na hana wa kuwachemshia hata chai."

Nikamwambia tulitaka kumheshimu. Akasema bila kupandisha sauti: "Mmezika mmoja. Nani amewaambia mzike wawili?"

Mwanangu, nimekemewa mara nyingi maishani, na mengi nimesahau. Hilo sijasahau. Asubuhi nilienda kumtafuta Kamau huko alikokuwa anajenga, nikamrudishia maneno yale yale. Akapangusa mikono, akasema twende.

Siku ya sikukuu mimi, Kamau na Shangazi tulibeba kila kitu, sufuria, mafuta, chumvi, hata kuni, ili Baba asiombwe chochote. Njiani tulipita kwa Mzee Kiptoo, rafiki yake Baba tangu ujana wao. Yeye pia alikuwa ameambiwa asije. Tulimkuta amesimama langoni pake, amevaa koti la kanisani, hana pa kwenda. Shangazi hakumwuliza kitu, alimwambia tu tunachelewa. Mzee akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya mgando, tukaongozana.

Baba alitupokea kama watu waliokuja kuuliza njia. Akasema, "Niliwaambia msije." Shangazi akamjibu kwamba hatukuja kumwona yeye, tumekuja kukata mahindi, naye kama amechoka akapumzike. Baba akaingia ndani, akafunga mlango.

Nikajipa moyo nikaenda jikoni. Moto haukuwa umewashwa humo tangu matanga. Katikati ya mafiga, juu ya majivu baridi, kuku alikuwa ameatamia mayai, akanitazama kama mimi ndiye mgeni. Nililia hapo, nikamaliza. Kisha tukamwacha kuku na nyumba yake, tukawasha moto nje.

Kule shambani kazi haikwenda vizuri. Mahindi yakishakatwa husimamishwa mafungu mafungu, vilele vikiegemeana, ili mvua ikinyesha maji yateremke. Kazi hiyo miaka yote alikuwa akiifanya Baba mwenyewe. Kamau alisimamisha fungu la kwanza, likaanguka. La pili likaanguka. La tatu lilipolala chini, tukasikia mlango unafunguka.

"Kamau, hiyo ni nyumba ya nani unajenga?" Baba akauliza.

Alikuja akikunja mikono ya shati. Akafunga mabua manne vichwani, akayapanua miguu, akaanza kuegemeza mengine pande zote huku akieleza kama mwalimu. Mzee Kiptoo akawa anampokeza mabua. Walifanya kazi hivyo hadi jua likapita utosini. Mpaka leo sijui kama Kamau, fundi wa kusimamisha kuta, alikosea kweli au alikosea makusudi. Nikimwuliza anacheka.

Tukala. Mukimo wangu ulikuwa na mabonge, na kila mtu alijua lakini hakuna aliyesema. Baba akatafuna, akameza, akaniambia viazi nimeviacha vikapoa kabla ya kuponda. "Mama yenu naye aliponda vikiwa vimepoa mwaka tuliooana," akasema. "Nilikula wiki nzima nikimsifu." Tulikuwa hatujamsikia akimtaja tangu mazishi. Mzee Kiptoo akasema hata yeye alilishwa mukimo huo, na hakuna aliyemwonea huruma. Basi tukacheka na machozi yanatutoka, na Baba akaomba aongezwe.

Tulipoaga, alitusindikiza mpaka barabarani. Akatuambia mwaka ujao tuje mapema, tusingoje jua lipande.

Sasa nisikilize. Umeniambia rafiki yako, tangu apoteze kazi, amesema wikendi hii ya Mashujaa hataki watu kwake, na nyinyi mmekubaliana kwenye simu kwamba mumpe nafasi. Nafasi ni kitu kizuri, lakini ikizidi huwa upweke. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na hawakusema mgeni angoje mwenyeji apone kwanza. Nenda. Beba unga wako na sukari yako, usimtie gharama. Usiende kumpa pole saa nzima, mtafutie kazi ya kufanya na wewe, kuni za kupasua, kuku wa kuchinja. Akinuna mlangoni, vumilia. Na kama kweli anahitaji kuwa peke yake, utaliona hilo machoni mwake ukiwa mbele yake, wala hutaliona kwenye simu.

Mungu akupe miguu isiyochoka kwenda kwa watu. Nyumba yako isikose wa kubisha hodi. Na ile siku wewe mwenyewe utakaposema watu wasije, mwanangu, waje.