Ukurasa wa Mabano Usiofuta Kitu

Mume wa dada yangu ni fundi wa mafriji. Hiyo ndiyo kazi inayomlisha. Inayomkondesha ni nyingine: kuandika programu za kompyuta ambazo hakuna aliyemtuma. Lugha anayoandikia imejaa mabano, yanafunguka na kufungika mpaka macho yanauma, ndiyo maana tunamwita Mabano. Siku za mapumziko meza ya kulia huwa yake, na dada hupanga sahani katikati ya nyaya.

Imani yake, aliyomhubiria kila aliyekaa karibu, ni kwamba programu nzuri haiharibu inachopewa. "Unaipa kitu, shemeji, inakurudishia kipya. Cha zamani hakiguswi." Nikamwambia basi ajifunze kwa programu zake, maana friji yangu aliichukua ikivuma akairudisha bubu. Alicheka tu. Mabano hana kinyongo.

Juzijuzi alitutengenezea ukurasa wa familia kwenye mtandao. Unaandika kwa simu, unachagua nani asome, unatuma. Tukamsifu, maana mcheza kwao hutunzwa. Jumapili alasiri tukawa sebuleni kwao, mama, dada, mimi na yeye. Akaunganisha kompyuta na televisheni atuonyeshe jipya lake: mstari chini ya ukurasa, ukiuvuta kushoto unaona yote yaliyopita.

"Si niliwaambia mimi sifuti kitu?" akatamba. "Kila herufi mliyogusa ipo."

Akaanza na mimi. Kumbe kabla ya kutuma "Nawapenda wote" niliandika "Familia hii inachosha", nikaifuta. Nilitamani ardhi ipasuke. Mama alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akamwonyesha dada kwa kidevu. "Na huyu mwenye adabu? Tumwone."

"Mimi niacheni," dada akasema, birika la chai mkononi. Tukadhani ni aibu. Mabano akavuta.

"Karibuni nyote Jumapili" ikapungua herufi moja moja, kisanduku cha kuandikia kikabaki kitupu. Akaendelea kuvuta. Maneno mengine yakaanza kujitokeza:

"Mdogo wangu, usimwambie mama wala shemeji yako. Nimeenda hospitali. Wameona uvimbe kwenye titi. Naogopa."

Nilisoma tena nikitumaini nimekosea, nikakuta ni yaleyale, na mdogo wake ni mimi, hana mwingine. Mabano akausukuma mstari mbele haraka, na ule mwaliko wa Jumapili ukarudi kwenye kioo. Ilikuwa mbaya zaidi kuliko kuyaacha.

"Rudisha," mama akasema. "Sijamaliza kusoma."

Akarudisha. Mama alisoma polepole, midomo ikitikisika. Hakuna aliyemsaidia.

"Nalala kitanda kimoja na wewe," Mabano akamwambia mkewe.

"Ndiyo maana sikuweza."

Mimi nilishikwa na hasira, sijui hata ilitoka wapi. Ujumbe ulikuwa wangu, na dada aliuchukua kabla haujanifikia. Nikamuuliza kwa nini alifuta.

"Nakujua unavyolia hata kwa jino," akasema, akaliweka birika chini. "Kesho asubuhi wanataka kukata kipande kidogo cha huo uvimbe wakakipime. Nimeshaamua siendi. Nisipolijua jina la ugonjwa, naweza kuamka nikapika, nikafua, nikaishi. Wakishanitajia, basi."

Mabano alikuwa bado ameshika kipanya, anatazama kioo kama mtu aliyeambiwa nyumba inayoungua ni yake.

"Utakwenda," nikasema.

Tangu nizaliwe huyu dada ndiye mwenye kuniamuru: nivae nini, nisome nini, hata mwanamume gani nimwache. Mimi sijawahi kumwamuru hata afunge mlango. Sauti ilinitoka kubwa nikajishtukia mwenyewe. Dada alinitazama usoni, akivuta kiti bila kukiangalia, akakaa.

"Haya," akasema.