Njia ya Mlimani Aliyotukimbiza Baba

Juzi asubuhi mjukuu wangu alirudi kutoka kukimbia, akavua viatu mlangoni, na harufu ikamtangulia kuingia nyumbani. Kijiti cha leleshwa kilikuwa kimenasa kwenye kamba za kiatu, majani yake ya kijivu yamepondekapondeka. Aliyekulia upande huu wa Bonde la Ufa hahitaji kuelezwa harufu hiyo. Ni kali kidogo, tena tamu kidogo, na zamani wachungaji walijipaka makwapani wakaonekana wamekoga. Nilikuwa nimeshika sufuria ya chai. Niliiweka chini, nikavuta kiti cha jikoni, nikaketi, nikawa tena mtoto wa miaka tisa asiye na viatu.

Kijana huyu hukimbia milima ya juu ya Lanet kwa hiari yake mwenyewe, jambo ambalo bado linanishangaza. Ana viatu vya mlimani na vingine vya lami, na saa ya mkononi inayompigia kelele akizembea. Sisi saa yetu ilikuwa baba.

Tuliishi juu kabisa, pale msitu unapoanzia ukielekea Dundori, kwenye shamba lililokuwa la mzungu mmoja ambaye wafanyakazi walimwita Kipara. Uhuru ulipokuja Kipara aliuza akaenda zake, na watu wale wale waliokuwa wakimkamulia ng'ombe na kumchumia pareto wakachanga, wakalinunua shamba kwa pamoja. Kila mmoja aliahidiwa kipande chake wapimaji wa ardhi watakapofika. Lakini wapimaji hawakufika upesi. Tulikaa miaka tukiwangojea, na wakati huo kila mtu alilima mpaka pale nguvu zake zilipoishia. Mwenye jembe aliishia karibu, mwenye trekta aliishia mbali.

Mama alikuwa amekwisha kututoka. Alizikwa siku za Kipara, katikati ya mteremko, nyuma ya vile vibanda vya wafanyakazi tulivyoviita laini. Kaburi lake lilikuwa mawe yaliyopangwa vizuri na nguzo ya mtarakwa upande wa kichwani. Yeye alitoka Kuresoi, baba alitoka Nyeri, kwa hiyo nyumbani kwetu kilizungumzwa Kiswahili cha shambani, kile cha "leta ile kitu" na "wewe kuja hapa". Mimi niliitwa Chebet, jina la nyanya mzaa mama, na kaka yangu akaitwa Kariuki, jina la babu wa upande wa pili. Uso wa mama siukumbuki vizuri, na hilo linaniuma hadi leo. Ninachokumbuka ni mikono yake, iliyonuka maziwa na moshi.

Sasa, kwenda shule kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa barabara ya trekta, chini, tambarare, ambayo watoto wote wenye akili timamu waliifuata. Ya pili ilikuwa njia ya miguu ya wakamuaji wa zamani. Hiyo ilipanda kilima kwanza, ikateremka upande wa pili, ikazungukazunguka kana kwamba aliyeianzisha alikuwa akitafuta mbuzi aliyepotea. Baba alituamuru tufuate hiyo ya pili, tena kwa mbio.

Miaka hiyo redio ilikuwa ikitutangazia vijana wetu walivyokuwa wakiwashinda watu wa ng'ambo kwa mbio, na kila mzazi wa milimani alianza kuwatazama watoto wake miguuni. Kwa hiyo baba aliposema anataka kututengeneza tuwe wakimbiaji, tulimwamini. Kariuki alinung'unika kwamba wenzetu wanapita njia fupi. Baba akamjibu bila kugeuka, "Njia ya mwongo ni fupi." Mjadala ukaishia hapo.

Sharti lake lilikuwa moja. Tukimbie kwa mstari, mguu mahali pa mguu, nikanyage pale pale alipokanyaga Kariuki. Alisema mkimbiaji hodari hasambazi miguu ovyo. Kila alfajiri alisimama mlangoni, blanketi mabegani na mswaki wa mti mdomoni, akatuambia maneno yale yale: "Mguu mahali pa mguu. Na mkifika kwa mama, msalimieni."

Laiti ningeweza kuwakimbiza na ninyi njia ile! Ulianza na josho la ng'ombe, ambalo lilinuka dawa hata baada ya ng'ombe wa Kipara kuuzwa. Kisha ilikuja nyumba yake kubwa yenye vigae vyekundu, waridi zimejiotea hadi dirishani, kuku wa katibu wa shirika lililonunua shamba wakilala sebuleni. Baadaye ulipanda, na umande ukakulowesha hadi magotini, na pale juu kileleni pumzi zilipokuwa karibu kukatika, dunia yote ilifunguka chini yako. Ziwa Nakuru lilikuwa kule, ukingo wake wa waridi kwa wingi wa ndege. Kulia ulikuwa Menengai na ukungu wake, na baba alikuwa ametuambia ule si ukungu, ni shetani anachoma magugu ya shamba lake humo shimoni. Garimoshi lilipita polepole likielekea mjini. Tarumbeta la askari lililia kambini Lanet, na hilo ndilo lililotuambia kama tumechelewa.

Ukishuka ulipita daraja la mawe. Baba alisema lilijengwa na mateka wa Kitaliano wakati wa vita vya Hitila, na kwamba mmoja wao alikuwa akiimba vizuri hata ng'ombe wakaacha kula. Mbele ya daraja palikuwa na uwanda mdogo ambapo, wakati wa hali ya hatari, baba na wenzake walipakiwa kwenye malori ya serikali ya kikoloni na kurudishwa walikotoka, kisha hali ilipotulia akarudi shambani. Habari ya hapo hakuisimulia. Alisema tu, "Hapa tulipanda lori," nasi tukajifunza kupakimbia bila kelele.

Halafu kwa mama. Hatukusimama, maana hatukuruhusiwa kusimama. Tulipaza sauti pamoja, "Habari ya asubuhi, mama!" na kuendelea kuteremka kati ya leleshwa hadi shuleni. Kuna asubuhi Kariuki alimweleza habari nzima huku akikimbia, kwamba mimi nimemwaga uji, na sehemu ya mwisho akaisema akiwa mbali kabisa. Nilimfukuza hadi kwenye lango la shule.

Mteremko ule wa laini ulikuwa umevamiwa na Baba Njeri, jirani yetu mwenye trekta kuukuu iliyokohoa kama mgonjwa wa pumu. Laini alikuwa amekwisha kuzibomoa, akapanda mahindi. Msimu mmoja wa masika tulifika pale asubuhi tukakuta njia haipo. Udongo mweusi ulikuwa umegeuzwa kutoka ukingo huu hadi ukingo ule, na mawe ya mama yamesimama peke yake katikati ya matuta. Tuliyazunguka kwa mbali, tukarudi nyumbani jioni tukasema njia imelimwa.

Baba hakugomba. Kesho yake alituamsha mapema zaidi. "Kimbieni pale pale ilipokuwa," alisema.

Tulipita juu ya matuta, tope hadi kwenye vifundo, na Baba Njeri akatukuta huko. Jioni alikuja kwetu, kofia mkononi, hasira kichwani.

"Baba Kariuki, hii watoto yako inakanyaga mbegu yangu!"

"Wanakimbia tu, Baba Njeri. Ni mazoezi ya shule."

"Si kuna barabara huko chini?"

"Ile ya chini haina mlima. Sasa mtoto atapata pumzi wapi? Karibu chai."

Chai alikunywa, vikombe viwili, kisha akaenda akalima tena. Nasi tukakimbia tena. Baba akatangaza kwamba mtoto yeyote atakayekimbia na sisi atapata kikombe cha maziwa akifika kwetu jioni, na ng'ombe wetu alikuwa mmoja tu, mwenye roho nzuri kuliko maziwa. Hata hivyo walikuja. Kufikia mavuno tulikuwa msururu mrefu, mguu mahali pa mguu, watoto wa watu wakipaza sauti "Habari ya asubuhi, mama!" kwa mwanamke ambaye hawakumjua. Njeri mwenyewe, binti wa mwenye trekta, alikuwamo mstarini. Njia iligeuka ngumu kama sakafu, na trekta ya babake ikaanza kuiruka.

Mimi nilitaka jambo moja tu duniani: baba anione nikishinda. Mwalimu alinichagua kwenda mashindano ya shule mjini Nakuru, na wiki nzima kabla ya siku hiyo sikulala vizuri. Baba aliahidi atakuja. Aliniambia nitamwona karibu na kamba ya mwisho, amevaa koti lake la Jumapili.

Siku ilipofika nilikimbia nikilitafuta koti. Uwanja ulikuwa tambarare, wasichana wa mjini walikuwa na viatu, na mimi, niliyezoea kumfuata Kariuki nyayo kwa nyayo, sikujua nikanyage wapi. Nilifika nyuma sana. Kwenye kamba palikuwa na akina mama, walimu na muuza barafu. Baba hakuwapo. Nililia njia nzima ya kurudi, nikamwambia mwalimu ni vumbi.

Nyumbani nilimkuta amekaa nje na koti lake la Jumapili, matope hadi magotini, anacheka peke yake. Wapimaji walikuwa wamefika siku hiyo hiyo. Aliniuliza mbio zilikwendaje, nikamwambia, akanishika kichwa, akasema si neno. Kisha akasema kitu kilichonichoma kuliko kushindwa: "Kuanzia kesho piteni tu ile ya chini, mkitaka."

Nilielewa hivi: nimejaribiwa, nimeonekana sifai, nimeachwa. Asubuhi iliyofuata nilipita barabara ya trekta nikitembea, na hakuna aliyesimama mlangoni. Sikukimbia tena maishani mwangu, labda nikifukuzia basi. Wala sikumuuliza baba. Tulipendana, nikamsomea magazeti macho yake yalipofifia, nikamletea wajukuu, lakini siku ile sikuisahau.

Baba alipofariki, nilikuwa mwanamke mzima mwenye watoto wanne. Tulikusanyika kupanga mahali pa kumzika. Kipande chake kilikuwa juu, ukingoni mwa msitu, na tulikuwa tumekubaliana alale huko, ndipo Baba Njeri akaingia, mzee sana sasa, akitembea kwa fimbo. Kofia ilikuwa mkononi kama ile jioni ya zamani.

"Mleteni kwangu chini," alisema. "Alale karibu na mama yenu. Mimi natoa hiyo kona."

Kariuki alimshukuru, akauliza kama gari la maiti litafika.

Mzee akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta. "Kijana, unaniuliza mimi kuhusu barabara? Si ni nyinyi mlinichukulia! Ile siku ya wapimaji baba yenu alishinda amesimama hapo na koti ya kanisa, kwa matope, hatoki hata kujisaidia. Mpimaji akaniuliza, hii ni nini? Mimi nikasema ni shamba yangu. Akaangalia chini akaona vile imekanyagwa ikawa ngumu, nyayo ya watoto mpaka huko juu. Akasema, mzee, hii ni njia ya watu, hii haifungwi. Akaichora kwa ramani kama barabara. Na kaburi ikabaki kando ya njia." Alipangusa macho. "Wakati ule angeniomba, ningemkatalia. Nilikuwa na kiburi ya trekta. Alijua. Ndio akatumia miguu yenu."

Watu walicheka, msiba ukapata nafuu. Mimi nilitoka nje. Nilikwenda kushika ule mlango alipokuwa akisimama na blanketi lake, nikalia kilio ambacho sikuwa nimekilia hata nilipopata habari ya kifo.

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi tangu hapo, na swali langu si tena kwa nini hakuja uwanjani. Swali ni kwa nini hakutuambia. Nadhani sasa najua. Mtoto aliyeambiwa analinda kaburi la mamake angelikimbilia kwa hofu na kulipita akiwa na huzuni. Baba alitaka tumpite mama tukihema, tukigombana kuhusu uji, tukiwa hai kabisa, ili asikie watoto wake wanakua. Yeye aliyetuambia njia ya mwongo ni fupi alitudanganya kwa njia ndefu kuliko zote, na ndiyo njia pekee iliyobaki. Nyumba ya vigae iliangushwa, josho likafukiwa, kile kilele sasa kina mnara wa simu. Barabara ipo.

Jana nilimwomba mjukuu wangu anipeleke. Alitaka kunishika mkono, nikamwambia atangulie, nami nikaweka mguu wangu pale alipotoa wake, taratibu, kizee nyuma ya kijana. Leleshwa ilinuka. Tulipofika kwenye mawe, ambayo sasa ni ya watu wawili, hatukusimama.

"Habari ya asubuhi, mama," nilisema. Halafu, kwa pumzi kidogo niliyokuwa nayo, "Baba, nimefika."