Jina Nililompa Mwanangu kwa Hasira

Mwanangu alirudi kutoka chuo cha Biblia, Tabora mjini, akiwa na daftari lake la Kiebrania, akanikuta uani nikichambua tumbaku. Aliniamkia, nikaitikia, akakaa na kuuliza bila kuzunguka: "Baba, jina langu ulilitoa wapi?"

Nilijua siku hiyo ingekuja. Sisi Wamoraviani tunapenda majina ya Agano la Kale, na wengi huokota lolote lililo tamu mdomoni. Mimi sikuokota. Nilikuwa mzee wa kanisa, na habari za Raheli, mke wa Yakobo, nilizijua vizuri. Alijifungua safarini, na roho ikimtoka akamwita mtoto Benoni, yaani mwana wa uchungu wangu.

Mke wangu naye alifia safarini, kwenye barabara ya vumbi ya kwenda hospitali ya Sikonge, nikiwa nimempakia kwenye baiskeli. Aliyemchelewesha ni mimi. Alianza kuumwa uchungu alfajiri, na tumbaku ilikuwa ndani ya bani ikikaushwa kwa moto. Moto ukilegea, majani yote yanaharibika. Nikamwambia avumilie kidogo. Tuliondoka jua limeshapinda. Alijifungulia kando ya barabara, mtoto akalia, yeye akanyamaza.

Siku ya ubatizo mchungaji alinisihi nichague jina jingine. Nilikataa. Nilitaka mtu wa kumtwisha lawama, nikakitwisha kile kichanga.

Mama yangu hakubishana nami. Mtoto alipolia siku tatu mfululizo, alimpakata akamtajia majina ya marehemu wetu, moja baada ya jingine, kama tufanyavyo Wanyamwezi. Alipofika kwenye jina la baba yangu, mtoto akatulia. Tangu hapo ukoo mzima ukamwita kwa jina hilo, na mimi kwa desturi nilipaswa kumwita "baba", maana amemrithi baba yangu. Sikumwita hivyo hata siku moja. Nilisema ni upagani. Uongo mtupu, ilikuwa roho mbaya tu.

"Maana yake uliijua?" aliuliza tena.

"Niliijua."

Akafunga daftari. "Yakobo alilibadilisha papo hapo, na msiba ungali mbichi," alisema. "Akamwita Benyamini. Wewe umekuwa na miaka ishirini na minne ya kulibadilisha."

Ndipo nikamweleza habari ya bani, ambayo sikuwahi kumwambia mtu. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakunifokea, na heri angenifokea. Kisha akainuka, akafunga begi lake kwenye baiskeli, akasema atalala kwa shangazi yake, Sikonge.

Alipofika njiani nikasimama ili nimwite baba. Ni neno dogo, hata mtoto anayejifunza kusema analiweza. Nilikuwa nalo tayari mdomoni.

"Benoni!" Ndilo lililotoka.

Akageuka mara moja, kama alivyozoea.