Pini Inayovunjika Kwanza

Nakumbuka Jumamosi ile, mwanangu, kila kijana anaponiuliza anunue mashine gani ya kuondoa theluji. Juzi ulinipigia simu, ukasema umepata nyumba Uccle, hapa Brussels, yenye njia ya mteremko, na sasa unataka mashine kubwa kuliko zote dukani, itakayodumu mpaka wajukuu. Nilicheka peke yangu jikoni. Mume wangu Anaclet akauliza nacheka nini, nikamwambia, akanuna. Anaijua hadithi inayokuja. Basi mimina chai, nikusimulie.

Tulikuwa vijana wakati huo, tumetoka Lubumbashi miaka michache tu, na tulipanga nyumba huko huko Uccle, juu, mbali kidogo na barabara. Majira ya joto tuliusifu sana mteremko ule. Theluji ilipoanguka, tukaukwangua kwa koleo mpaka migongo ikagoma. Ndipo Anaclet akanunua mashine ya mzee mmoja jirani aliyekuwa akihamia fleti Ixelles, mahali ambapo hangekuwa hata na kibaraza cha kufagia.

Nikwambie ukweli, ilikuwa mashine nzuri. Bomba lake la kutemea theluji lilikuwa la chuma, na yule mzee aliiwasha mbele yetu ikiwa baridi kabisa, ikaitika bila kubembelezwa. Kwenye mpini alikuwa amefunga kifuko cha pini ndogo za chuma laini. Akatueleza kwamba pini hizo ndizo zinazoshika parafujo kubwa la mbele, lile linalokula theluji. Parafujo likikutana na kitu kigumu, pini inavunjika na mashine inapona. Ikivunjika, unaweka nyingine, basi.

Sasa, Anaclet alikulia katika gereji ya baba yake. Kule kwetu, kitu kikivunjika kwenye gari, fundi anayejiheshimu hakurudishii kile kile. Anatafuta kizito zaidi, anakikaza kwa nguvu zake zote, na mwenye gari anaondoka akimsifu. Kwa hiyo njia nzima alikicheka kiwanda kilichoitengeneza.

"Ni usine gani inauzisha kintu na buzaifu yake mu mufuko?"

Kifuko kikaingia droo ya jikoni, pamoja na mishumaa na funguo zisizo na mlango.

Theluji iliyofuata, parafujo lilikamata zulia la mlangoni lililokuwa limefunikwa. Tak! Pini ikakatika. Badala ya kufungua droo, bwana mkubwa akashuka kwenye stoo, akachagua bolti ngumu ya gari, akaikaza huku anapiga mluzi.

"Bon. Hii haitavunjika tena, Angé. Jamais!"

Na kweli haikuvunjika, mwanangu. Matatizo yetu yalianzia hapo.

Mwezi huo tulikuwa tunangoja mahari ya mdogo wangu Solange. Alikuwa anaishi kwetu, na mchumba wake Patrick alikuwa kijana wa Bukavu, mpole, anayekula sombe yangu, majani ya muhogo, mpaka anaomba msamaha. Tarehe ya kwanza ilikuwa imeshaahirishwa, kwa sababu Tonton Barthélemy, baba mkubwa wa Patrick, alicheleweshewa viza. Yeye ndiye aliyeshika nafasi ya marehemu baba yake Patrick, na bila yeye ukoo wao usingetoa hata kitenge kimoja. Alikuwa amefika hatimaye, mahari ikapangwa Jumamosi, na Jumapili anapanda ndege kurudi. Ikishindikana Jumamosi, imeshindikana. Na sifa zake zilikuwa zimetangulia: watu walisema aliwahi kugeuza gari kwenye harusi nyingine kwa sababu hakupokelewa vizuri. Solange alikuwa hali wala halali. Mimi nilijidai jasiri, lakini niliogopa vibaya.

Usiku wa kuamkia siku hiyo theluji ilianguka bila kupumzika. Alfajiri gari la manispaa likapita kusafisha barabara, likasukuma theluji yote pembeni, na mbele ya njia yetu likaacha ukuta mgumu wa barafu. Anaclet hakushtuka. Alivaa koti juu ya suti, akawasha mashine yake, akashuka mteremko kama mtu anayekwenda kupokea medali. Njia ilifunguka vizuri sana mpaka chini. Kisha akauvamia ule ukuta.

Ndani yake kulikuwa na jiwe. Pini ya mzee ingekatika hapo, tukaweka nyingine, tukaendelea. Bolti ya Anaclet ilikataa kuvunjika, kwa hiyo kikavunjika kilichokuwa nyuma yake. Nilisikia mlio ambao sitaki kuusikia tena, halafu nikaona oili nyeusi ikitapakaa juu ya theluji nyeupe. Giaboksi ilikuwa imepasuka. Mashine ikakwama katikati ya mlango wa njia, nzito, haiendi mbele wala nyuma. Anaclet akainama, akataka kuingiza mkono kwenye parafujo injini ikiwa bado inanguruma. Nilipiga kelele mpaka jirani wa ng'ambo akafungua dirisha. Akazima, akakaa juu ya ukuta wa barafu na suti yake.

Wakati huo huo magari yakaanza kufika. Akina mama wamevaa vitenge vya wax, vijana wamebeba kreti za bia, na nyuma yao Tonton Barthélemy, koti refu, viatu vinang'aa. Juu mlangoni nilimwona Solange amejishika mashavu. Papa Lambert, baba yetu mdogo aliyekuwa apokee mahari, akateremka mbio akiomba radhi kabla hata hajafika.

Tonton alitazama mashine. Akatazama ukuta. Akamtazama Anaclet kwa muda mrefu. Mgeni wa mahari, mwanangu, hagusi kazi nyumbani kwa wakwe. Anapokelewa mkono kwa mkono mpaka kitini. Alikuwa na haki yote ya kugeuza gari, na hakuna mzee hata mmoja angemlaumu.

Akavua koti, akampa Patrick alishike, akaulizia koleo.

"Donc tusimame hapa mupaka iyeyuke? Kesho mi niko mu avion. Pelle iko wapi?"

"Aa, tonton, hapana!" Papa Lambert akashika kichwa. "Weye ni mugeni!"

"Bugeni tutaanza kule juu. Pelle, alors!"

Basi ungewaona! Wa Bukavu na wa Lubumbashi wakichimba bega kwa bega, mama mmoja akitumia sinia, vijana wanne wakiisukuma mashine pembeni, wote wakimcheka Anaclet. Walipopanda kwetu walikuwa wameshakuwa ndugu, na mahari ikapokelewa bila ubishi, hata juu ya mbuzi, jambo ambalo sijawahi kuliona tena.

Mezani Tonton akauliza mashine ilipatwa na nini. Anaclet, maskini, akafungua droo, akaleta kile kifuko, akasimulia yote. Tonton akachukua pini moja, akaigeuza vidoleni, akaiweka katika kiganja cha Solange, na mkono wa Patrick juu yake.

"Munaona hii? Inavunjikaka ya kwanza, kusudi nyumba yote ibakie. Kila siku, mutu mumoja kati yenu akuwe hii. Lakini, attention, isikuwe kila siku mutu ule ule."

Nililia mbele za watu, na sikuona aibu.

Kwa hiyo mwanangu, usinunue kwa ukubwa. Theluji ya Brussels mara nyingi ni ndogo na imejaa maji. Kama njia yako ni fupi, mashine nyepesi yenye visukumio vya mpira inakutosha, na utaweza kuiinua kutoka stoo bila kuita kwaya nzima ya kanisa. Mteremko mrefu kama wetu ndio unaodai ile nzito yenye bomba la chuma. Kabla hujalipa, uliza spea zinapatikana wapi na fundi yuko karibu kiasi gani. Yetu ilipata giaboksi mpya kwa sababu hiyo tu, na mpaka leo inafanya kazi, Anaclet anaiita kijana. Baridi ikiisha, toa petroli. Iwashe kabla ya theluji, usingoje siku ya wageni. Zulia liondoe. Ikiziba, zima kwanza, halafu tumia kijiti, mkono uache mfukoni. Na pini, weka pini yake, ile ile laini.

Solange na Patrick wamezeeka pamoja sasa. Nikiwatembelea na maneno yakaanza kupanda, husikia mmoja wao akiuliza, "Leo zamu ya nani?" Halafu wanacheka, na mimi naendelea kula.

Mungu akujalie nyumba ambayo wageni wanaifikia hata theluji ikianguka, mgongo usiouma, na mtu wa kupokezana naye zamu. Na droo yako isiishiwe pini.